Weyburn: walevi, LSD na chumba chenye muziki

 Najua nimepotea wiki mbili, si mnajua mambo ya tesiti mfululizo na desa zisizoisha. Ila katika kupekuapekua kwa ajili ya seminari ya saikolojia nimekutana na historia moja iliyoninyima usingizi, na sioni kwa nini niikalie peke yangu. Ni habari ya madaktari wawili wa Kanada ambao miaka ya 1950 waliwatibu walevi kwa LSD. Ndiyo, LSD ile ile ya mahipi. Msicheke kwanza, mahipi walikuja baadaye.

Tuanze na mahali penyewe. Saskatchewan ni jimbo la ngano, tambarare mpaka macho yanachoka, na baridi yake si ya mchezo. Mwaka 1944 wananchi wake walichagua serikali ya chama cha CCF, ambao ndio wajamaa wa kule, chini ya Tommy Douglas. Huyu bwana kabla ya siasa alikuwa mchungaji wa Kibaptisti katika mji mdogo wa Weyburn. Serikali yake ilianzisha bima ya hospitali kwa wote mwaka 1947, na ilikuwa inatafuta madaktari wasioogopa kujaribu vitu vipya. Basi waliokataliwa kwao wakaona mlango uko wazi. Mmoja alikuwa Humphry Osmond, Mwingereza, ambaye wenzake wa London hawakutaka hata kumsikiliza alipodai kwamba huenda baadhi ya ugonjwa wa akili unatokana na kemikali za mwili wenyewe. Mwaka 1951 akafungasha, akaenda kufanya kazi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Weyburn. Huko akakutana na Abram Hoffer, mtoto wa mkulima wa jimbo hilo hilo, aliyesomea baiokemia kwanza, udaktari baadaye.

LSD yenyewe ilikuwa bado changa. Albert Hofmann wa kampuni ya Sandoz, kule Basel, aliitengeneza mwaka 1938, akaja kugundua inavyochezea akili mwaka 1943 baada ya kuinywa mwenyewe. Sandoz wakawa wanawagawia watafiti ili waone itafaa kwa lipi.

Sasa hapa ndipo panaponifurahisha. Wazo la kuwapa walevi halikutoka maabara. Hoffer alisimulia kwamba mwaka 1953 walikuwa hotelini Ottawa, usingizi umegoma usiku wa manane, wakaanza kupiga stori za walevi. Mnajua mlevi wa kupindukia akikatishwa pombe ghafla hupatwa na arosto mbaya sana: anatetemeka, anaona wadudu ukutani, anasikia sauti, na wengine hufa. Ila wapo walioacha pombe kabisa baada ya kupitia balaa hilo. Wakajiuliza: je, kama tungeweza kumletea mtu balaa la kutengeneza, la siku moja, chini ya uangalizi, bila hatari ya kufa? Yaani mpango wa mwanzo ulikuwa ni kumtisha mtu! Kumwonyesha jehanamu halafu kumrudisha nyumbani.

Wagonjwa wa kwanza walikuwa wawili tu, pale Weyburn, kila mmoja akapewa mikrogramu 200. Mmoja aliacha pombe pale pale. Mwingine aliendelea kunywa, akaja kuacha baada ya miezi sita. Wawili si utafiti, hilo hata mwaka wa kwanza anajua. Lakini walipoendelea na wengine wakagundua kwamba nadharia yao ilikuwa imepinda. Waliopata nafuu hawakuwa wale waliotishika. Walikuwa wale waliotoka wakisema wamejiona, kwamba kwa mara ya kwanza wamejitazama kama wanavyotazamwa na mke na watoto, na wengine walizungumza kama watu waliotoka ibadani.

Kwa hiyo wakabadilisha kila kitu. Chumba kikatengenezwa kiwe cha starehe, kukawa na muziki, picha, maua, na mtu wa kukaa na mgonjwa kutwa nzima bila kuondoka. Tena madaktari na wauguzi wengi walikuwa wameionja dawa wenyewe, ili wajue mgonjwa yuko wapi anaposema ukuta unapumua. Mwaka 1956 Osmond, Hoffer na wenzao walikwenda hata kwenye ibada ya Native American Church, kanisa la wenyeji wa asili ambao hutumia peyote, aina ya mpungate, usiku kucha kwa ngoma na maombi. Wakakaa, wakatazama, wakajifunza. Mwaka huo huo, katika barua za Osmond na mwandishi Aldous Huxley, ndipo lilipozaliwa neno saikedeliki, kwa maana ya kitu kinachoidhihirisha akili.

Kuna mchoraji majengo mmoja pia siwezi kumruka, Kiyoshi Izumi. Alipewa kazi ya kubuni hospitali mpya ya akili, akaomba naye apewe LSD, halafu akatembea kwenye majengo ya Weyburn akiwa katika hali hiyo. Akakuta korido ndefu zinatisha na vigae vya kung'aa vinamvuruga. Hospitali aliyobuni baadaye kwa ajili ya mji wa Yorkton ilikwepa mambo hayo. Mimi niliposoma hapo nikafunga kitabu kwanza nikatulia. Sisi wa ualimu tunaimbiwa kila siku habari ya mazingira ya kujifunzia, na hapa kuna mtu alimeza sumu ya kichaa ili ajue darasa linaonekanaje kutoka dawati la nyuma.

Matokeo yalikuwaje? Mwaka 1958 Colin Smith, mmoja wa madaktari wa jimboni, alichapisha habari za walevi 24 walioshindikana kwa njia nyingine. Nusu, yaani 12, walikuwa wamepata nafuu, ndogo au kubwa. Hoffer baadaye alizungumzia mamia ya wagonjwa na nusu yao kupona. Hata Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa Alcoholics Anonymous, aliijaribu LSD mwaka 1956 huko California, akaona inaweza kumsaidia mlevi asiyeweza kufikia ule upande wa kiroho. Wenzake kwenye chama hawakufurahi hata kidogo. Kumwachisha mtu kilevi kwa kumpa kingine? Pingamizi lao nalielewa.

Halafu wakaja Toronto. Kule kulikuwa na taasisi ya utafiti wa uraibu, Addiction Research Foundation, na watafiti wake waliuliza swali la haki kabisa: mtajuaje ni dawa, si huruma ya muuguzi na maua mezani? Weyburn hawakuwa na kundi la kulinganishia la maana. Basi mwaka 1966 Reginald Smart na wenzake wakatoa utafiti wa walevi 30: kumi LSD, kumi efedrini, kumi hawakupewa kitu. Ili dawa ipimwe peke yake, vitu vingine vyote vikaondolewa. Katika majaribio ya taasisi hiyo wagonjwa walifunikwa macho au kufungwa kitandani, na waangalizi waliambiwa wasishirikiane nao. Wale kumi wa LSD walipewa mikrogramu 800, mara nne ya wale wa kwanza wa Weyburn! Matokeo: hakuna tofauti.

Osmond na Hoffer walikasirika sana. Wao walisema hicho si kipimo cha tiba yao, ni kipimo cha kitu kingine chenye jina hilo hilo. Mimi hapa niko upande wao, ila si kwa asilimia mia. Ukimfunga mwanafunzi kwenye kiti, ukamfunika macho, ukamtoa mwalimu, kisha ukatangaza kwamba kitabu hakifundishi, umepima nini? Lakini upande wa pili, Toronto wasingeuliza, tungebaki na madaktari wawili wanaoipenda dawa yao wakijihesabia waliopona. Nina mjomba ambaye kila Januari anaapa kuacha pombe, na kweli mwezi wa kwanza haonekani kilabuni. Ungemhesabu Februari ungesema kapona.

Ugomvi haukupata nafasi ya kuisha. LSD ilikuwa imeshatoka hospitalini ikaingia vyuoni na mitaani, magazeti yakachachamaa, Sandoz wakasitisha kuigawa. California ikaipiga marufuku mwaka 1966, Marekani nzima ikafuata, na mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa ukaiweka kwenye kundi la dawa zilizobanwa kuliko zote. Mafaili yakafungwa. Watu hupenda kusema mahipi ndio walioua tiba hii, na mimi nadhani hiyo ni nusu ya habari. Tayari kabla ya marufuku, madaktari wenyewe walikuwa hawajakubaliana wanapima nini.

Mafaili hayo yalifunguliwa tena mwaka 2012. Watafiti wawili wa Norway, Teri Krebs na Pål-Ørjan Johansen, walikusanya majaribio sita ya zamani yenye vikundi vya kulinganishia, jumla ya wagonjwa 536. Waliopata nafuu kwa LSD walikuwa asilimia 59, upande wa pili 38. Si muujiza, ila si haba kwa dozi moja. Lakini ukifika mwaka mzima, tofauti hiyo haikuonekana tena wazi. Mjomba huyo!

Mwaka 2022 ikaja ya New York, iliyoongozwa na Michael Bogenschutz, safari hii kwa silosaibini, ile kemikali ya uyoga. Walevi 93, vikao vya ushauri kabla na baada, muziki masikioni, na macho yakafunikwa kama kule Toronto, ila kwa hiari na huku washauri wawili wamekaa pembeni siku nzima. Ndani ya wiki 32, waliopewa silosaibini walikuwa na siku za kunywa sana asilimia 9.7, wenzao waliopewa dawa ya mzio 23.6. Na kabla mtu wa hall hajaniuliza zinapatikana wapi: watu hawa walichujwa kwanza, walipimwa, na hakuna aliyekunywa peke yake chumbani.

Kitu kimoja tu. Utafiti ule ulitakiwa uwe wa siri, mgonjwa asijue kapewa nini. Walipoulizwa wakisie, zaidi ya asilimia 90 walipatia.