Mshipa Mmoja Kati ya Mbavu

Waswahili tunaupenda uti wa mgongo kwenye hotuba. Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, vijana ni uti wa mgongo wa chama, na kadhalika. Tukisema hivyo tunafikiria mifupa, ile nguzo inayotusimamisha. Tunachosahau ni kilichomo ndani ya nguzo hiyo: kamba laini ya neva ambayo vitabu vya baiolojia huiita ugwe mgongo, unene wake kama wa kidole cha mwisho cha mkono. Mfupa ukivunjika unaweza kuunga. Ugwe ukikosa damu, hata kwa muda mfupi, mara nyingi haurudi ulivyokuwa.

Makala hii ni historia ya jinsi binadamu walivyojifunza kuiona damu hiyo, na kwa nini leo swali la damu hiyo huulizwa kabla ya mtoto mwenye uvimbe kifuani kupelekwa chumba cha upasuaji. Nimeifuatilia kwa muda sasa. Kilichonivuta si utabibu wenyewe, maana mimi ni mwandishi wa habari tu. Kilichonivuta ni watu waliomo ndani yake. Baadhi yao walikuwa sahihi kabisa kuhusu jambo moja, na wakapotea vibaya kuhusu jingine.

Kwanza tuelewane kuhusu uvimbe wenyewe. Kuna saratani ya watoto wadogo, wengi wao chini ya miaka mitano, inayoitwa nyuroblastoma. Rudolf Virchow, Mjerumani, aliueleza uvimbe wa aina hii mwaka 1864, na James Homer Wright wa Boston akaupa jina hilo mwaka 1910. Huanzia kwenye seli changa za mfumo wa neva unaoendesha mambo tusiyoyaamrisha, kama mapigo ya moyo na jasho. Neva hizo zimepangika kama tasbihi kando ya pingili za mgongo, kulia na kushoto. Uvimbe ukianzia kifuani basi, unakaa nyuma kabisa, pale mbavu zinapoungana na pingili. Na hapohapo ndipo inapopita mishipa ya damu inayotoka kwenye aota kwenda kila ubavu. Daktari anayetaka kuutoa uvimbe wote hana budi kuifunga na kuikata baadhi ya mishipa hiyo.

Mingi ukiikata hakuna kinachotokea. Mmoja ukiukata, mtoto anaweza kuamka miguu haina habari.

Mshipa huo una jina gumu: ateri ya Adamkiewicz. Albert Adamkiewicz alizaliwa mwaka 1850 katika mji wa Żerków, wakati ambapo Poland haikuwepo kwenye ramani. Madola matatu yalikuwa yameigawana, na mji wake uliangukia Prusia. Alisomea udaktari katika vyuo vya Kijerumani, kisha akapewa uprofesa Kraków, upande uliotawaliwa na Austria. Huko alifanya kazi ya subira isiyo ya kawaida. Alichukua maiti, akaingiza rangi kwenye mishipa yao midogo, kisha akaufuatilia ugwe mgongo sehemu kwa sehemu. Matokeo aliyachapisha kwa Kijerumani kupitia Chuo cha Sayansi cha Vienna, mwaka 1881 na 1882, pamoja na michoro ambayo hata leo inapendeza macho.

Picha tunayoijua leo ni hii. Mtoto akiwa tumboni, kila pingili ina mishipa yake inayolisha ugwe. Anapokua, mingi kati ya hiyo hufifia, na inabaki michache inayobeba mzigo wote. Mkubwa kuliko yote ndio unaolisha sehemu kubwa ya nusu ya chini ya ugwe, upande wa mbele, ule unaoamrisha miguu itembee. Na haukai mahali pamoja kwa watu wote. Mara nyingi uko kushoto, mara nyingi kati ya pingili ya 9 na ya 12 za kifua, ila wapo walio nao kulia, juu zaidi au chini zaidi. Huwezi kumtazama mtoto ukajua wake uko wapi.

Sasa ingia kwenye upande wa pili wa mtu huyu. Baada ya kazi hiyo nzuri, Adamkiewicz aligeukia saratani. Akatangaza kwamba saratani husababishwa na kimelea, na kwamba yeye ana dawa ya sindano ya kuitibu, akaiita cancroin. Haikutibu. Wenzake hawakumkubalia, sifa yake ikachafuka, akaondoka Kraków na kuhamia Vienna, ambako alifariki mwaka 1921. Alitaka akumbukwe kama mtu aliyeishinda saratani. Leo jina lake hutajwa hospitalini hasa kwa sababu ya mshipa ule, na mara nyingine linatajwa kando ya mtoto mwenye saratani, pale madaktari wanapojiuliza watakata wapi. Ningekuwa mtunga riwaya, mhariri angeniambia nimezidisha chumvi.

Lakini Adamkiewicz aliwaona wafu tu. Kumwona aliye hai kulihitaji eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen Novemba 1895, na dawa ya kuingiza kwenye damu ili mishipa ionekane kwenye picha. Hapa anaingia Egas Moniz wa Lisbon. Mwaka 1927 alifanikiwa kupiga picha ya mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai. Naye ana kisa chake: Tuzo ya Nobel alipewa mwaka 1949, tena kwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo ili kutuliza wagonjwa wa akili, jambo ambalo baadaye dunia ilikuja kulionea haya. Ile kazi yake ya picha, ambayo haikumpa tuzo, ndiyo inayotumika mpaka leo. Ni Adamkiewicz wa pili huyu, au mimi ndiye napenda kuona mifanano.

Mwaka 1929, hapohapo Lisbon, Reynaldo dos Santos alichoma sindano ndefu mgongoni mpaka kwenye aota na kuipiga picha. Njia hiyo ilienea. Kisha ripoti za kutisha zikaanza kuja: wagonjwa wachache waliamka wamepooza miguu. Dawa ya picha, ambayo zamani ilikuwa kali, ilikuwa imepenya kwenye mishipa ya ugwe. Madaktari wakakumbuka jaribio la Niels Stensen, Mdenmark wa karne ya 17, aliyeziba aota ya mnyama akaona miguu ya nyuma imepooza. Kwa maneno mengine, mshipa wa Adamkiewicz ulijitambulisha kwa madaktari wa walio hai kwa kuumiza kwanza.

Ufumbuzi ulitoka Stockholm mwaka 1953. Sven-Ivar Seldinger, kijana wa miaka thelathini na ushee, aliwaza jambo jepesi mno: choma sindano, pitisha waya ndani yake, toa sindano, kisha telezesha mrija mwembamba juu ya waya. Basi. Kuanzia hapo daktari aliweza kuingilia kwenye kinena, akapanda na mrija mpaka kifuani, akachagua mshipa anaoutaka na kutia dawa kidogo tu. Katika miaka ya 1960 René Djindjian huko Paris, na Giovanni Di Chiro, John Doppman na Ayub Ommaya huko Bethesda, Marekani, waliitumia njia ya mrija kuingia kwenye mishipa midogo inayolisha ugwe, mmoja baada ya mwingine. Ateri ya Adamkiewicz ikaonekana kwa mtu aliye hai: inapanda, inafika katikati, inapinda ghafla kama kibanio cha nywele, inashuka.

Kwa mtoto, kazi hiyo ni ya kuogopesha. Analazwa kwa nusukaputi. Mishipa yake ni myembamba. Dawa hupimwa kwa uzito wake, na mionzi si ya kuchezea kwenye mwili unaokua. Mrija wenyewe unaweza kuuziba mshipa uliokwenda kuutafuta. Ndiyo maana madaktari hawakubaliani. Wapo wanaosema uvimbe ukiwa chini kifuani, karibu na pingili, usiguse kisu kabla ya kuiona ateri. Wengine wanasema skani ya CT au MRI inatosha, ingawa mshipa mdogo kiasi hicho hujificha kirahisi kwa mtoto. Na wote wanajua kwamba kuijua ateri iliko hakumhakikishii mtu chochote.

Mwaka 2009 kundi la kimataifa la wataalamu wa nyuroblastoma lilitoa orodha ya mambo ambayo, yakionekana kwenye picha, yanaonya kwamba upasuaji una hatari. Moja lao ni uvimbe wa kifua uliopenya maungio ya mbavu na pingili kati ya ya 9 na ya 12. Ukisoma sentensi hiyo bila kujua historia, ni namba tu. Ukiijua, unamwona profesa wa Kraków na rangi zake.

Kwa maoni yangu, faida kubwa ya picha hizi ni kwamba zimebadilisha maana ya upasuaji uliofanikiwa. Zamani sifa ya daktari ilikuwa kutoa kila kitu. Siku hizi daktari anaweza kuwaambia wazazi: tutaanza na dawa ili uvimbe usinyae, kisha tutakata, na kipande kilichoukumbatia mshipa huu tutakiacha. Kwa watoto wachanga wengine, nyuroblastoma hufikia hata kujififisha yenyewe, kwa hiyo kuacha kidogo si lazima kuwe kushindwa. Lakini fikiria masikio ya mzazi. Umekuja kuondolewa saratani ya mwanao, unaambiwa sehemu yake itabaki, kwa sababu ya uzi wa damu usiozidi milimita moja au mbili. Mzazi huyo anahitaji kuelezwa kwa lugha anayoiota usiku, na hapo naona kazi yetu sisi wa maneno.

Jina la Kiswahili la mshipa huu sijaliona. Tunaweza kuazima la Adamkiewicz, ulimi ukajikwaa kidogo. Mimi ningependekeza tuseme mshipa mlisha ugwe, halafu walimu wa baiolojia wanisahihishe.