Nafasi ya Asiyejua: Vikao vya Muziki na Urithi wa Lugha, kutoka Unguja hadi Asiatique

Makala haya yamezaliwa na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nilikutana na sentensi hii: "Bibi alipomaliza kuimba, wageni walimtunza." Nikapiga mstari mwekundu chini ya neno la mwisho, na pembeni nikaandika: "Walimlea? Hapa tumia 'walimzawadia'." Nikampunguzia mwandishi alama, nikaendelea na insha nyingine.

Siku ya kurudisha kazi, kijana yule alibaki darasani wenzake walipotoka. "Shikamoo, mwalimu. Samahani, lakini kwetu Asiatique mtu akiimba vizuri hutunzwa. Ndivyo bibi asemavyo." Nilifungua kamusi mbele yake, na aibu ikanipata. Kutunza si kulea na kuhifadhi tu. Ni pia kumpa mwimbaji au mchezaji fedha au zawadi hapo hapo anapotumbuiza. Neno hilo ni ndugu wa kitenzi 'tuza', na huko ndiko tulikolipata neno 'tuzo', ambalo sisi walimu hatuachi kulitamka kila tunapogawa vyeti. Nilimrudishia alama zake. Hata hivyo swali lilinibaki: kijana ambaye hajafika Unguja wala Mombasa, na ambaye hajasoma kitabu hata kimoja kuhusu taarab, alilipataje neno ambalo mwalimu wake mwenye shahada ya uzamili alikuwa amelisahau?

Jibu ni kwamba alilipata mahali ambapo wazee na vijana hukaa pamoja kwa ajili ya muziki. Nia ya makala haya ni kueleza historia ya mahali pa namna hiyo na siri ya nguvu yake.

Mji na lugha yake

Kiswahili kilifika kwenye ufuo wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika pamoja na wafanyabiashara wa karne ya 19 waliotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji. Wajerumani walijenga kituo chao cha Usumbura katika miaka ya mwisho ya karne hiyo, na mwaka 1916 Wabelgiji wakauchukua mji. Wakoloni waliwagawa wakazi kwa rangi na asili: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao. Jina la Asiatique ni kumbukumbu ya mgawanyo huo. Jirani yake ni Buyenzi, mtaa ambao tangu zamani unajulikana kuwa ni wa Waswahili. Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Usumbura ikawa Bujumbura.

Mipaka ya ramani haikuizuia lugha. Muuza duka wa Asiatique na mteja wake wa Buyenzi walihitaji lugha moja ya kupatana bei, nayo ilikuwa Kiswahili. Lakini lugha ya dukani ni finyu. Ina bei, vipimo, salamu na matusi machache. Kiswahili chenye mafumbo, mahaba, mawaidha na maombolezo kilihitaji uwanja mwingine, na uwanja huo ulikuwa ua wa nyumba: siku ya arusi, usiku wa maulidi, jioni ya kasida na dufu. Kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki huo ina asili ya pwani, hatuna budi kushuka Unguja kwanza kabla ya kurudi ziwani.

Siti aliyeanza akiwa mtu mzima

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya watu waliokuwa watumwa. Alijulikana kwa kuuza vyungu kabla ya kujulikana kwa kuimba. Alihamia mjini mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka kama thelathini, hajui kusoma wala kuandika. Tuliangalie jambo hili kwa jicho la mwalimu. Mwanafunzi wa umri huo, asiyejua herufi, angepokelewa katika shule ipi? Siti alipokelewa katika kikao. Aliketi na wapigaji waliomtangulia katika fani, akasikiliza, akarudia, akasahihishwa, hadi akawa yeye ndiye anayesikilizwa. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Mumbai kurekodi nyimbo ambazo ni miongoni mwa sahani za santuri za kwanza za Kiswahili. Shaaban Robert, bingwa wa nathari na ushairi wetu, aliona maisha yake yanastahili kitabu kizima, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad.

Siti alifariki mwaka 1950. Miongoni mwa waliomsikiliza wakiwa wadogo alikuwamo msichana ambaye baadaye dunia ilimwita Bi Kidude. Yeye mwenyewe alipenda kusimulia jinsi alivyojifunza nyimbo kwa kumsikiliza Siti. Aliendelea kuimba hadi uzeeni kabisa, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Alipofariki Aprili 2013, waimbaji ambao wangeweza kuwa vitukuu vyake walikuwa wamekwisha kupanda naye jukwaani. Kutoka Siti hadi vijana hao ni zaidi ya miaka mia moja, na kiungo cha katikati ni mtu mmoja tu.

Ngazi ya kupandia

Vilabu navyo vilifanya kazi hiyo kwa utaratibu zaidi. Ikhwani Safaa iliundwa Unguja mwaka 1905, na klabu ya Culture ikaanza mwaka 1958. Katika kundi kubwa la taarab kuna udi, kanuni, fidla kadhaa, nai, akodioni, dumbaki, rika na waitikiaji. Kazi hizi hazilingani kwa ugumu. Kanuni inahitaji miaka mingi. Kuitikia kibwagizo kunahitaji masikio na haya kidogo. Kwa hiyo mgeni hakuambiwa, "Nenda ukajifunze, kisha urudi." Aliambiwa, "Kaa hapo, itikia na wenzako."

Nje ya vilabu kulikuwa na ngazi ya chini zaidi, nayo ni kidumbak, ambacho watu wengine walikiita kitaarab, yaani taarab ndogo. Vyombo vyake ni vidumbak viwili, fidla, mkwasa, cherewa, na sanduku lililotiwa fimbo na uzi likawa besi. Vijana wengi walianzia huko, kwenye arusi za mitaani, kabla ya kukaribishwa katika makundi makubwa.

Bara nako kulikuwa na beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi. Ilianzia pwani na kuenea sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza pamoja na askari na wapagazi, hadi maeneo ya maziwa na Kongo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, ameonyesha jinsi vyama vya beni vilivyokuwa na vyeo vingi, kuanzia askari wa kawaida hadi mfalme. Watawala wa kikoloni waliviona vyeo hivyo kuwa ni mzaha au tishio. Mwalimu ataona jambo jingine: kila aliyeingia alikuwa na cheo, hata kama ni cha chini kabisa, na juu yake kulikuwa na kingine cha kutamani.

Hapa ndipo ninapoiona siri yenyewe. Kikao cha muziki hakifundishi kwa sababu kina wazee wenye elimu tu. Kinafundisha kwa sababu kina nafasi ya asiyejua. Anapewa kazi ndogo lakini ya kweli. Kibwagizo kisipoitikiwa, wimbo unaanguka, kwa hiyo asiyejua anahitajika tangu siku ya kwanza. Akiwa hapo husikia maneno ambayo hakuna mtu aliyepanga kumfundisha: kutunza, kutumbuiza, kughani, muhibu, hidaya.

Wala tusiwapambe wazee kupita kiasi. Vikao hivyo vilikuwa na milango iliyofungwa. Vilabu vya mwanzo vilikuwa vya wanaume, na akina mama wa Unguja walilazimika kuunda vikundi vyao. Hata katika karne hii, mwaka 2009, liliundwa kundi la Tausi ili wanawake wapige vyombo wenyewe, si kuimba tu. Kikao chenye nafasi ya asiyejua si lazima kiwe na nafasi ya kila asiyejua.

Kiti kilichoondolewa

Tangu miaka ya 1990 taarab ya kisasa imetawala kumbi za Afrika Mashariki. Wengi wamelalamikia maneno yake ya mipasho. Mimi nina wasiwasi na jambo lisilosemwa sana, nalo ni kinanda cha umeme. Kinanda kimoja hutoa sauti ya fidla, ya nai, ya akodioni na hata ya ngoma. Ni rahisi kukibeba, na mwenye arusi hulipa watu wachache. Lakini kila sauti iliyoingia ndani ya kinanda iliondoa kiti kimoja, na viti vilivyoondolewa kwanza ni vile vya wanaoanza. Kijana anayependa muziki sasa amebaki mtazamaji mwenye simu mkononi. Unguja ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuanzisha chuo cha muziki, Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002, ambako wanamuziki waliolelewa na vilabu waliwafundisha vijana udi, kanuni na fidla. Ni kazi ya kusifiwa, ingawa chuo kina ada na ratiba, na wafadhili wakipungua kinayumba. Ua wa nyumba haukuwa na ada.

Hapa Bujumbura tulikuwa na sababu yetu ya ziada. Vita vilivyoanza mwaka 1993 vilitawanya familia, nyingine Uvira, nyingine Kigoma na mbali zaidi. Muziki wa arusi na maulidi ni muziki wa usiku, na mji wetu uliishi kwa miaka mingi chini ya amri ya kutotembea usiku, iliyoondolewa mwaka 2006. Sisi tuliokuwa vijana wakati huo tunakumbuka arusi zilizoisha jua lingali juu, kila mtu akitazama saa. Kizazi kizima kilinyimwa usiku, na pamoja nao kikanyimwa sehemu kubwa ya lugha.

Ua mmoja wa Asiatique

Baada ya kumrudishia kijana alama zake, nilimwomba anipeleke kwa bibi yake. Tulikwenda Jumamosi moja baada ya alasiri. Walikuwapo akina mama wazee watano au sita mkekani, dufu mbili, na wajukuu wa kike na wa kiume waliotumwa kuleta chai kisha wakazuiwa wasiondoke. Walianza kwa kasida, baadaye wakaingia nyimbo za arusi. Bibi alitoa beti, wengine wakaitikia. Mjukuu mmoja wa miaka kama kumi alikosea neno. Bibi hakusimamisha wimbo, alilirudia neno lile kwa sauti ya juu kidogo katika mzunguko uliofuata, na mtoto akajirekebisha. Sikuwahi kuona usahihishaji mwepisi namna hiyo, usio na wino mwekundu.

Niliulizwa kama najua kuimba. Nikasema sijui. "Basi kaa hapo, itikia," akaniambia bibi. Nikaitikia. Mwishoni nilimtunza noti moja, na kijana wangu akacheka hadi akatoka nje.

Kwetu sisi walimu

Wanafunzi wengi huja kwetu kutoka Buyenzi na Asiatique wakiwa wameambiwa kwamba Kiswahili chao kimeharibika. Ni kweli kuna upatanisho wa kisarufi wa kurekebisha, na kazi hiyo ni yetu. Lakini kabla ya kufuta neno tujiulize limetoka kwa nani. Pengine linatoka kwa bibi aliyelipokea kwa bibi yake, na sisi ndio tuliolipoteza njiani.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu mwaka 2022 tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Mara nyingi siku hiyo tunaweka jukwaa, vipaza sauti na viti vya wageni rasmi. Ninapendekeza tuweke pia mkeka. Tuwaalike wazee wa mitaa hii miwili watoe beti, wanafunzi waitikie, na walimu waketi upande wa waitikiaji. Kila mwanafunzi aondoke na maneno matatu ambayo hakuwa nayo, pamoja na maelezo ya mzee aliyempa. Kazi hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji haraka tu, kwa sababu wale akina mama wa mkekani umri umekwenda, na wahenga walikwisha kusema kwamba chelewa chelewa utakuta mwana si wako.