Sauti Ilitangulia: Muziki wa Klasiki Katika Nchi ya Meru na Embu

Ni desturi ya wanaokusanya muziki wa klasiki wa Ulaya katika santuri moja ya kuonjesha, kwamba huupanga katika mafungu matatu: kwanza muziki wa okestra, unaopigwa na watu sitini au themanini kwa pamoja, halafu muziki wa chumbani, unaopigwa na watu wawili hadi wanane hivi, kila mmoja akiwa na njia yake asiyosaidiwa na mwenziwe, na mwisho muziki wa sauti, yaani nyimbo za kwaya, na za waimbaji wa peke yao, na za ibada. Mpango huo una sababu zake huko ulikotoka, kwa maana okestra ndiyo fahari ya miji mikubwa ya Ulaya, na aghalabu ndiyo inayomvuta mnunuzi. Lakini mwenye kutaka kuandika tarikhi ya muziki huo upande wa mashariki wa Mlima Kenya, katika nchi ya Wameru na Waembu, hana budi kuupindua mpango huo juu chini. Kwani huku sauti ndiyo iliyotangulia, vyombo vichache vikafuata kwa mbali, na okestra hata leo husikika redioni zaidi kuliko inavyoonekana kwa macho.

Sauti hiyo ya kigeni ilikuta nchi yenye muziki wake uliokamilika. Wameru walikuwa na kirarire, uimbaji wa vijana wa tohara, ambao maneno yake yalihitaji ufasaha na ujasiri. Waembu na Wambeere walikuwa na nyimbo za mavuno, za harusi na za jando, ambamo kiongozi hutoa kauli na kaumu ikamjibu. Nao Wachuka, ambao nchi yao siku hizi imo katika Kaunti ya Tharaka-Nithi ingawa zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Meru, walikuwa na ngoma zao ndefu ambazo mpigaji huzibana katikati ya mapaja, akainama mbele, akazipiga kwa viganja huku akicheza, hata mtazamaji asijue mahali ambapo kupiga kunakoma na kucheza kunaanza. Watu waliolelewa katika muziki wa namna hiyo walikwisha kujua mambo mawili ambayo kila kwaya duniani huyahitaji, nayo ni kumsikiliza mwenzako unapoimba, na kuingia kwa wakati wako bila kusukumwa.

Wamisionari walifika karibu kwa mfululizo mmoja. Mnamo mwaka 1910 watu wa Church Missionary Society walifungua misheni ya Kigari, katika nchi ya Embu, chini ya uongozi wa Daktari T. W. W. Crawford. Katika miaka hiyo hiyo mapadre wa Consolata, shirika lililoasisiwa na Giuseppe Allamano mjini Torino mwaka 1901 na kuingia nchi ya Wakikuyu mwaka 1902, walivuka wakaingia Meru, ambako Mujwa ikawa miongoni mwa vituo vyao vya awali. Wamethodisti, ambao walikuwa na makao ya zamani huko Ribe katika pwani, wakajenga Kaaga, karibu na mji wa Meru. Na mwaka 1922 Daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Skoti akakaa Chogoria, akaanzisha kazi ya uganga na mafundisho ambayo jina lake halijasahauliwa mpaka leo. Kila kundi lilikuja na vitabu vyake vya nyimbo, na kwa njia ya vitabu hivyo mito miwili ya muziki wa Ulaya ikaingia katika vijiji ambavyo havikupata kuona fidla wala piano.

Mto wa kwanza ulikuwa wa Kilatini. Mwaka 1903, muda mfupi kabla ya mapadre hao kufika Meru, Papa Pius wa Kumi alikuwa ametoa waraka uliowaamrisha Wakatoliki wote warudishe katika ibada nyimbo za Gregori, ambazo ni za sauti moja, hazina mdundo wa kuhesabika, nazo hufuata mwendo wa maneno ya sala. Kwa hiyo mkulima wa Meru aliyebatizwa katika zama hizo alijifunza kuimba Kyrie na Credo kwa lugha asiyoitumia sokoni wala nyumbani, akazihifadhi kwa moyo, akawarithisha wanawe. Desturi hiyo iliendelea mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao kwa hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 uliruhusu lugha za watu katika ibada na ukaagiza muziki wa mataifa upewe heshima yake. Tangu hapo Kimeru, Kiembu na Kiswahili vimeshika nafasi ya kwanza. Walakini Kilatini hakikufutika, na kwaya za Kikatoliki za Kenya bado huimba Ave verum corpus ya Mozart, utungo wa mwaka 1791 ambao una hatua 46 tu na ambao mtunzi aliuandika miezi michache kabla ya kufa kwake.

Mto wa pili, ambao kwa hakika ndio uliopenya ndani zaidi, ulikuwa ule wa solfa. Huko Uingereza mwalimu mmoja wa kike wa Norwich, Sarah Glover, alibuni njia ya kufundisha watoto kuimba kwa herufi badala ya alama za mistari mitano, na kasisi John Curwen, aliyeishi kati ya mwaka 1816 na 1880, akaitengeneza upya na kuieneza kwa wafanyakazi na kwa wamisionari. Faida yake kwa nchi maskini ilikuwa dhahiri: haikuhitaji matbaa maalumu ya muziki, wala kinanda, wala karatasi yenye mistari, ilihitaji ubao na chaki. Mtu aliyewahi kuishika karatasi ya solfa ya kwaya anajua ilivyo: juu yake pameandikwa Doh ni F, au G, au herufi nyingine, chini yake herufi d, r, m, f, s, l, t zimepangwa katika safu nne, soprano juu na besi chini, nukta mbili hutenga pigo na pigo, nukta moja huligawa pigo nusu kwa nusu, kistari huivuta sauti iliyotangulia, na mstari wa wima hufunga hatua. Mwalimu wa kwaya hupuliza filimbi yake ndogo, akatoa doh, akawaimbisha besi peke yao mpaka washike, kisha tenori, kisha alto, kisha soprano. Na hapo ndipo huzikutanisha sauti mbili mbili, hata zikakamilika nne. Wengi walioimba hivyo kwa umri wao wote hawakupata kusoma nota za mistari hata mara moja, na hata hivyo sikio lao lilijua kipatano cha sauti nne kuliko mnunuzi wa santuri anayesikiliza tu.

Palikuwa na taabu moja katika kazi hiyo, nayo yastahili kuelezwa kwa insafu. Kimeru na Kiembu ni lugha ambazo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe, jambo ambalo msemaji wa Kiswahili huenda asilione upesi, kwa kuwa Kiswahili hutegemea mkazo tu. Basi wimbo wa Kiingereza ulipotiwa maneno ya Kimeru, lahani ilipanda mahali ambapo neno lilitaka kushuka, na maana ikapindika au ikafifia. Tena beti zote ziliimbwa kwa lahani moja, ilhali maneno ya kila ubeti yana kupanda na kushuka kwake. Waumini waliimba hivyo hivyo kwa miaka mingi kwa sababu ya imani, lakini masikio yao yalijua kwamba kuna kasoro, na hamu ya kuiondoa ndiyo iliyozaa baadaye watunzi walioanza na lugha kwanza, wakaifuatisha lahani nyuma yake.

Mahali ambapo mito hii yote ilikutana ni Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 kama shughuli ya Wazungu wa Nairobi, likaja likawafungulia Waafrika mlango, na mwishowe likawa mashindano makubwa ya shule za nchi nzima. Shule ya Meru au ya Embu inayotaka kufika fainali huanza katika kata yake, ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka kanda ya Mashariki, ambako hukutana na Machakos, Kitui na Makueni, ndipo iruhusiwe kwenda kwenye fainali ya taifa. Katika tamasha hilo kuna utungo uliochaguliwa ambao kila kwaya ya daraja moja ni lazima iuimbe, na kwa njia hiyo majina ya Handel, Mozart na Haydn yamewafikia watoto wa wakulima wa majani chai na kahawa. Mfano ulio mashuhuri kupita yote ni ile Haleluya ya Handel, sehemu ya Messiah, kazi aliyoitunga kwa siku 24 mwaka 1741 na ikaimbwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Kwaya za Kenya huiimba Pasaka na Krismasi, mara nyingi bila kinanda, na hata ala zikikosekana jengo lake husimama, kwa kuwa Handel aliweka nguvu yake katika kupokezana kwa sauti nne.

Mtu mmoja aliyefanya mengi katika kuunganisha pande mbili, ule wa Ulaya na ule wa Kiafrika, ni Graham Hyslop, aliyekuwa ofisa wa muziki na tamthilia wa koloni katika miaka ya 1950, ambaye aliwahimiza walimu Waafrika wazipange nyimbo za kwao kwa sauti nne badala ya kuziacha nje ya mlango wa shule. Yeye, pamoja na George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ndio waliokabidhiwa mwaka 1963 kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa, wakachukua lahani ya bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, wakaipa maneno ya Kiswahili na vipatano vya kwaya. Ni sahihi kusema kwamba utungo wa klasiki unaojulikana na Wakenya wengi zaidi ni huo. Baada yao wakaja watu kama Arthur Kemoli, aliyezipanga nyimbo za makabila kwa ustadi mkubwa, na Boniface Mganga, ambaye kwaya yake ya Muungano ilizipeleka tungo hizo ng'ambo. Leo tamasha lina daraja maalumu la wimbo wa asili uliopangwa upya kwa kwaya, na hapo wimbo wa Kimeru hupimwa kwa kipimo kile kile cha ustadi ambacho hutumika kwa Mozart.

Tukija sasa kwenye muziki wa chumbani, habari inakuwa fupi. Kundi lake lililo bora, fidla mbili, viola na cello, lilipewa umbo na Joseph Haydn, aliyeishi kutoka mwaka 1732 hadi 1809. Nalo huhitaji kila mpigaji awe na ala yake na mwalimu wa kumwongoza wiki baada ya wiki kwa miaka. Walimu wa namna hiyo walikusanyika Nairobi, ambako chuo cha muziki kinachojulikana kama Conservatoire kilifunguliwa mwaka 1944, na Embu ni kilomita zipatazo 120 kutoka huko, na Meru zaidi ya 200. Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulileta somo la muziki katika shule za msingi, na mtihani wa sekondari mpaka sasa humtaka mtahiniwa aimbe au apige ala, atambue sauti kwa sikio, na achambue utungo mmoja wa Ulaya na mmoja wa Afrika. Lakini shule nyingi zililifundisha kwa filimbi ya plastiki na ubao, na baadhi zikaliacha kabisa kwa kukosa mwalimu.

Okestra ilikuwa mbali zaidi. Ile ya Nairobi iliundwa na wapenzi wa muziki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika mji ambao Mwafrika alihitaji kipande ili akae. Na Embu na Meru wakati wa Hali ya Hatari, tangu mwaka 1952, zilikuwa nchi za vizuizi, kafyu na vijiji vya kulazimishwa, ambako hapakuwa na nafasi ya kuwaza habari za simfoni. Waliozisikia okestra walizisikia kwa redio. Mkusanyiko wa ala uliokuwa karibu na watu ulikuwa bendi za tarumbeta za Jeshi la Wokovu, lililoingia Kenya mwaka 1921. Walakini hoja kwamba okestra haiwezi kukaa na maskini imekwisha kuvunjwa: tangu mwaka 2008 Elizabeth Njoroge na wenzake, katika mradi wa Ghetto Classics, wamewafundisha watoto wa Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, fidla, klarineti na tarumbeta, na watoto hao wamepiga mbele ya hadhara kubwa ndani na nje ya nchi.

Mimi naona kwamba mafunzo ya tarikhi hii yako wazi, nayo yanawahusu wale walio na madaraka ya elimu na utamaduni katika kaunti za Meru, Embu na Tharaka-Nithi, na vilevile viongozi wa makanisa na walimu wakuu. Kosa la kawaida ni kuanza na ala ya gharama kubwa, kinanda kimoja kikubwa kinachowekwa katika ukumbi na kufungiwa ufunguo, kisha kikaharibika kwa kukosa wa kukirekebisha. Kikundi cha nyuzi nne cha Haydn kimepangwa kama kwaya ilivyopangwa: fidla ya kwanza huenda na soprano, ya pili na alto, viola na tenori, na cello na besi, na mtu aliyeshika sauti yake miaka kumi katika kwaya ya Kaaga, ya Kigari au ya Mujwa amekwisha kujifunza sehemu iliyo ngumu, yaani kusikia njia yake katikati ya njia za wengine watatu. Kinachobaki kwake ni kufunza vidole. Basi shule ipatayo fedha kidogo na izitumie kununua fidla mbili, viola moja na cello moja, imwite mwalimu hata mara moja kwa wiki, na iwachague wanafunzi wanne miongoni mwa waimbaji wake walio thabiti katika solfa. Kwa njia hiyo muziki wa chumbani utaota juu ya mzizi uliopo tayari; na vikundi kumi vya namna hiyo vikikutana, pamoja na wapiga tarumbeta wa bendi na ngoma za Wachuka, vitakuwa okestra, nayo itakuwa imejengwa na watu wenyewe kutoka chini, kama zilivyojengwa kwaya zao.