Hofu Iliyozaliwa Doha: Mashabiki wa Japani na Mchujo wa Kombe la Dunia

Mchujo, yaani mfululizo wa michezo inayoamua ni mataifa gani ya Asia yatakayocheza fainali za Kombe la Dunia, umekuwa nchini Japani msimu wa mashaka kuliko majigambo. Hata katika miaka ambayo timu ya taifa imejaa wachezaji wanaosakata kabumbu katika ligi kubwa za Ulaya, mashabiki wake huujadili mchezo dhidi ya timu inayoonekana dhaifu kwa tahadhari ambayo mgeni huweza kuidhania kuwa ni unyenyekevu wa kitaifa. Maelezo hayo ya tabia ya taifa ni mepesi mno. Hofu hiyo ina tarehe na mahali ilipozaliwa, na kabla ya mwaka 1993 haikuwapo, kwa kuwa hayakuwapo matumaini ambayo yangeweza kuizaa.

Mchujo wa kwanza wa Japani ulichezwa Machi 1954 dhidi ya Korea Kusini, na michezo yote miwili ilifanyika Tokyo, kwa sababu Rais Syngman Rhee hakukubali timu ya Japani ikanyage ardhi ya Korea, nchi iliyotawaliwa kimabavu na Wajapani kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Korea ilishinda mchezo wa kwanza 5-1, ikatoka sare ya 2-2 katika wa pili, na kufuzu. Ushindani kati ya nchi hizi mbili ulianza hivyo, ukiwa na uzito ambao utani wa jadi wa viwanjani, kama ule wa Simba na Yanga, hauna. Miaka iliyofuata haikuleta mengi ya kubishania. Ligi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1965 ilikuwa ya timu za makampuni, ambazo wachezaji wake walikuwa waajiriwa wa viwandani na maofisini, na hata medali ya shaba ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, ambako Kunishige Kamamoto aliibuka mfungaji bora kwa mabao 7, haikugeuka kuwa mazoea ya kushinda. Oktoba 1985 Japani ilibakiwa na kikwazo kimoja tu kabla ya fainali za mwaka uliofuata, nacho kilikuwa Korea Kusini. Mpira wa adhabu wa Kazushi Kimura uliwainua watazamaji wa Tokyo, lakini mchezo uliisha 1-2 na ule wa Seoul ukapotea pia, 1-0. Wachache waliofuatilia soka wakati huo walihuzunika, ilhali taifa lenyewe, likiwa limezama katika besiboli, halikushtuka.

Mambo mawili yaliyotokea kwa mfuatano wa haraka yaliugeuza unyonge huo. Mwaka 1992 Mholanzi Hans Ooft alikabidhiwa timu ya taifa, na mwaka huohuo, mjini Hiroshima, Japani ilitwaa Kombe la Asia kwa mara ya kwanza kwa kuifunga Saudi Arabia 1-0. Kisha, tarehe 15 Mei 1993, ilifunguliwa J-League, ligi ya kulipwa ambayo klabu zake zilitakiwa kubeba jina la mji au eneo badala ya jina la kampuni tu, na mbele ya watazamaji 59,626 Yokohama Marinos iliifunga Verdy Kawasaki 2-1. Ndani ya miezi michache soka likawa gumzo la shuleni na makazini. Maelfu ya watu waliokuwa hawajawahi kujiuliza kuhusu beki wa kushoto walianza kubishana juu ya nafasi hiyo, na waliibishania kwa haki, maana kukosekana kwa Satoshi Tsunami aliyeumia kulimwachia Ooft pengo ambalo hakulipatia mtu wa kuliziba kwa uhakika.

Hatua ya mwisho ya mchujo ilikusanya timu sita mjini Doha, Qatar, kwa wiki mbili za Oktoba 1993, zikigombea nafasi mbili tu za bara zima. Utaratibu huu wa kituo kimoja una umuhimu katika historia ya mjadala wa mashabiki, kwa sababu uliwafanya waishi na msimamo wa kundi kila siku, bila mapumziko ya kusahau. Japani ilitoka sare ya 0-0 na Saudi Arabia, ikafungwa 2-1 na Irani, ikaichapa Korea Kaskazini 3-0, kisha bao la Kazuyoshi Miura likaizamisha Korea Kusini 1-0. Kwa hesabu ya wakati ule, ambapo ushindi ulitoa pointi mbili na sare moja, Japani na Saudi Arabia zilikuwa na pointi 5, huku Korea Kusini, Iraki na Irani zikiwa na 4 kila moja. Timu tano kati ya sita zilikuwa bado hai kuelekea siku ya mwisho. Hata hivyo, kwa kuwa Japani iliongoza kwa tofauti ya mabao, yaani mabao ya kufunga baada ya kutolewa ya kufungwa, na kwa kuwa Wakorea walikuwa wamefungwa, wengi waliuona mlango kuwa umekwisha kufunguka.

Tarehe 28 Oktoba, usiku kwa saa za Japani, televisheni ya TV Tokyo iliurusha mchezo dhidi ya Iraki, na kipimo cha watazamaji kikafikia asilimia 48.1, kiwango kikubwa ajabu kwa kituo kilichokuwa kidogo kuliko washindani wake. Miura alifunga mapema, Ahmed Radhi akasawazisha, Masashi Nakayama akairudisha Japani mbele kwa 2-1, na matokeo hayo yangeipeleka fainali kwa mara ya kwanza. Dakika ya 90 ilipokwisha, Iraki ikapata kona, ikaianza kwa pasi fupi ambayo mabeki hawakuitarajia, na kichwa cha Jaffar Omran kikaingia wavuni. Korea Kusini, iliyokuwa imeifunga Korea Kaskazini 3-0, ilifikisha pointi 6 sawa na Japani, lakini ikiwa na tofauti ya mabao 5 dhidi ya 3. Wajapani waliuita usiku huo msiba wa Doha, na Wakorea wakauita muujiza.

Kilichodumu kuliko simanzi ni namna ya kuhoji. Mashabiki waliorudia mkanda wa dakika zile waliuliza kwa nini Nobuhiro Takeda, aliyeingia kuchukua nafasi ya Nakayama, alimimina krosi badala ya kuupeleka mpira pembeni na kula muda, na kwa nini kocha aliongeza mshambuliaji kipindi ambacho kiungo kilikuwa kimechoka. Maswali hayo ya kulinda uongozi hayakuwa ya kawaida kwa mashabiki wageni wa mchezo, na ni hayo, kuliko ushindi wowote, yaliyowakomaza.

Mwaka 1997 yalirudi yakiwa na hasira. Fainali zilikuwa zimepanuliwa hadi timu 32, Asia ikapewa nafasi tatu pamoja na mchezo wa mtoano dhidi ya Oceania, na michezo ya makundi ikachezwa nyumbani na ugenini kwa takriban miezi miwili, jambo lililoupa mjadala muda wa kuchacha. Tarehe 28 Septemba, mjini Tokyo, Japani iliongoza dhidi ya Korea Kusini, kocha Shu Kamo akamtoa mshambuliaji Lopes na kumwingiza beki Akita, na Wakorea wakafunga mara mbili katika dakika za mwisho. Safari hii lawama ilikuwa kinyume cha ile ya Doha: huko kocha alishambulia alipopaswa kulinda, hapa alilinda alipopaswa kushambulia. Siku sita baadaye, baada ya sare ya 1-1 na Kazakhstan huko Almaty, Kamo alifutwa kazi ugenini, na msaidizi wake Takeshi Okada akashika usukani. Sare nyingine ya 1-1, dhidi ya Falme za Kiarabu mjini Tokyo, iliwafanya mashabiki wawazingire wachezaji nje ya uwanja na kurusha vitu, na Miura, shujaa wa miaka minne nyuma, akawa miongoni mwa waliozomewa.

Timu ilijiokoa kwa kushinda 2-0 Seoul, ambako mashabiki wa Korea, wakiwa tayari wamefuzu, walitundika bango la kuwataka Wajapani waende nao Ufaransa, kwenye fainali. Wema huo hauonekani mara nyingi kati ya mataifa hayo. Tarehe 16 Novemba, katika mchezo wa kuamua nafasi ya tatu ya Asia mjini Johor Bahru, Malaysia, Irani iliongoza 2-1 kabla ya Shoji Jo kusawazisha, na katika dakika ya 118 Masayuki Okano akafunga bao la dhahabu, yaani bao ambalo kwa kanuni za wakati huo lilimaliza mchezo papo hapo likifungwa katika muda wa nyongeza.

Tangu hapo Japani haijakosa fainali hata mara moja, na bado mashaka hayakuondoka. Oman, nchi ambayo Kiswahili kingali kinasikika katika familia zilizotoka Zanzibar, imeyachochea zaidi ya mara moja. Februari 2004 Japani ya Zico iliifunga 1-0 kwa bao la muda wa majeruhi mjini Saitama, na baadhi ya mashabiki waliandamana kudai kocha huyo aondolewe ingawa alikuwa ameshinda. Tarehe 2 Septemba 2021, mjini Suita, Issam Al Sabhi aliifungia Oman bao la pekee dakika ya 88. Kocha wa Japani siku hiyo, Hajime Moriyasu, alikuwa uwanjani Doha mwaka 1993 kama kiungo. Baada ya kufungwa pia Jeddah mwezi uliofuata, wito wa kumtimua ulisambaa, mpaka mabao mawili ya Kaoru Mitoma mjini Sydney, Machi 2022, yalipoihakikishia nchi nafasi ya fainali.

Kwa fainali za mwaka 2026 zenye timu 48, Asia ilipewa nafasi nane za moja kwa moja na nyingine ya mtoano, na Japani ikafuzu tarehe 20 Machi 2025 kwa kuifunga Bahrain 2-0, ikibakiwa na michezo mitatu. Mjadala uliobaki ulikuwa wa vijana gani wapewe nafasi, tena miongoni mwa watu wachache kuliko zamani, kwa sababu michezo ya ugenini ya hatua ya mwisho, ukiwamo ule wa Sydney, ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye huduma ya kulipia ya intaneti, na shule nzima haikuwa tena na mchezo mmoja ulioangaliwa usiku uliotangulia.