FORODHA YA PANGANI, KIBANDA CHA RUPIA TATU, NA DAFTARI LAKO WEWE



Ndugu yangu mwenye duka Ngamiani, na wewe mwanakamati wa msikiti unayeshika mfuko wa Ijumaa, leo tusome historia ya pwani yetu kidogo. Ni historia ya kodi. Usiipite, inakuhusu.

Kabla ya Wajerumani, ushuru wa bandari zetu ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, lakini Sultani hakukaa forodhani kuhesabu magunia. Aliikodisha kazi hiyo. Kwa miongo mingi familia ya Kihindi ya Jairam Shivji ilimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha yenyewe ikakusanya ushuru wa pembe, karafuu na nguo. Kilichozidi kilikuwa chake. Na majumbe wa miji kama Pangani nao walikuwa na ada zao kwenye misafara iliyoshuka kutoka bara. Ulikuwa mfumo wenye dhulma zake, tusiupambe, ila kila mtu alijua nani anachukua nini.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said, aliyekuwa na mwezi mmoja tu tangu arithi kiti cha Barghash, akatia saini mkataba. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikapewa utawala wa pwani na forodha zake kwa miaka 50. Mwezi wa Agosti wakala wao, Emil von Zelewski, akafika Pangani akitaka bendera ya kampuni ipandishwe na wenye mali waandikishe mali zao. Ilikuwa siku za Idd el-Hajj, 1305 Hijria. Watu wakaona ushuru unahama mikono, ada za majumbe zinakufa, na mashamba yao yanaulizwa karatasi. Vita vya Abushiri bin Salim vikaanzia hapo. Wengi wetu tumefundishwa kwamba vilikuwa vita vya bendera. Mimi naona bendera ilikuwa cheche tu, kuni zilikuwa forodha na ardhi.

Wissmann aliichukua tena Pangani na Tanga Julai 1889. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Allah amrehemu.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu hiki hakisimuliwi sana. Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ni ya dola, isipokuwa ile ambayo mtu ataweza kuthibitisha kuwa ni yake. Athibitishe! Babu aliyepanda minazi miaka 40, na jirani zake wote wanajua, akaambiwa lete hati. Baadaye, kuanzia 1898, ikaja kodi ya kibanda, wengi wakilipa rupia 3 kwa kibanda, na maakida wanaojua kusoma na kuandika ndio waliotumwa kukusanya. Yule asiyejua kusoma angejuaje kama jina lake limefutwa kwenye orodha au atadaiwa tena?

Hapo ndipo ninapokutaka wewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni, mwandishi mwadilifu na mashahidi. Sisi tunaisoma kwa tajwidi nzuri, halafu wakfu tunauweka kwa mdomo. Mzee anasema "chumba hiki ni cha madrasa", anafariki, na wajukuu wanakwenda mahakamani. Andikeni. Bodi ya wadhamini isajiliwe RITA, hati isomeke kwa jina la bodi, isiwe kwa jina la imamu.

Na lipo jingine linalowasumbua wanakamati. Wanadhani taasisi ya dini haiguswi na kodi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, nafuu ya taasisi ya hisani haiji yenyewe, huombwa, na Kamishna hutoa uamuzi. Na ukishaipata, fremu za maduka mlizopangisha na mshahara wa mwalimu vina hesabu yake. (Zaka nayo ni mlango mwingine kabisa: kodi haiiondoi, nayo haiiondoi kodi.)

Kwako mwenye duka dogo, tazama faida ya daftari kwa macho. Katika viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka asiyetunza kumbukumbu alikadiriwa 100,000. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yaani 30,000. Tofauti ni 70,000, na iliyoileta ni kalamu na risiti zilizofungwa kwa mpira. Chini ya milioni 4 hakukuwa na cha kulipa, lakini utaonyeshaje kwamba uko chini kama hujaandika?

Viwango hivi Bunge huvigusa karibu kila Juni, kwa hiyo usitegemee post yangu. Nenda ofisi ya TRA ukaulize cha mwaka huu, na uende na daftari mkononi.

Wabillahi tawfiq.