Al Capone wa Chicago na gongo ya Usambara

Ukitaja marufuku ya pombe, wengi wetu mawazo yanakimbilia Chicago. Kofia za pama, magari meusi, bunduki zinatema risasi kama cherehani. Picha hizo tumepewa na televisheni. Tamthilia ya The Untouchables ilirushwa na kituo cha ABC cha Marekani kuanzia mwaka 1959 hadi 1963, Robert Stack akiigiza kama Eliot Ness, ofisa wa serikali aliyewasaka wauza pombe ya magendo. Sisi wa Bara tusingeweza kuiona ikitoka, maana televisheni kwetu imeanza 1994. Kizazi cha kanda za video kinaijua zaidi sinema ya mwaka 1987, ile ambayo Robert De Niro ni Al Capone na Kevin Costner ni Ness.

Sasa niwaulize ndugu zangu: ni wangapi tunajua kwamba wakati Ness anavunja mapipa kule, Tanganyika nayo ilikuwa na marufuku yake?

Angalieni tarehe. Septemba 1919 mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Saint-Germain, Ufaransa, wa kuzuia pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Januari 1920 marufuku ya Marekani ikaanza kazi. Mwaka 1922 Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa, hati yenyewe ilisema wazi kwamba mtawala adhibiti vikali biashara ya silaha na uuzaji wa pombe kali. Silaha na pombe, sentensi moja!

Lakini kuna tofauti kubwa. Marekani marufuku ilikuwa ya wote, tajiri na maskini, japo tajiri alijua pa kupata. Kwetu ilikuwa ya rangi. Mzungu alikunywa wiski yake klabuni bila wasiwasi. Mwafrika aliyeiosha ile glasi, akionja tu amevunja sheria. Yeye aliachiwa pombe ya kienyeji, nayo kwa vibali na masharti. Akiikeneka ikawa kali, hapo ni mhalifu.

Ndipo ninapofika Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal na kuupenda kwa baridi yake. Usambara ni nchi ya miwa, na miwa inatoa boha, pombe ya asili ya Wasambaa. Mwenye boha, au pombe yoyote iliyochachuka, hahitaji mengi kufika kwenye gongo: pipa, moto, bomba na maji ya kupoza mvuke. Milima ile ina kuni, ina vijito vya maji baridi, ina mabonde ambako moshi wa asubuhi huwezi kuutofautisha na ukungu. Capone alihitaji malori na genge. Mpishi wa gongo anahitaji shamba la miwa na jirani asiyesema sana.

Na majina je? Karibu na Soni kuna mahali panaitwa Sakharani. Tom von Prince, ofisa wa Kijerumani aliyepigana na Mkwawa, alipewa jina la Bwana Sakarani, yaani mlevi, mtu aliyepandwa na wazimu wa vita. Alihamia Usambara akawa mlowezi, akafa kwenye vita vya Tanga Novemba 1914. Shamba likabaki na jina lake la utani, baadaye likawa la wamonaki Wabenedikto, ambao wanajulikana kwa kutengeneza divai hapo hapo. Divai, tena kwa Mlevi! Hata Marekani wakati wa marufuku divai ya altare iliruhusiwa. Sheria za pombe siku zote zina mlango wa nyuma, swali ni nani anao ufunguo.

Uhuru ulipokuja tungetegemea swali hilo tulijibu upya. Vikwazo vya rangi viliondoka, lakini mwaka 1966 Bunge letu lilipitisha sheria ya moshi, ikakataza kutengeneza, kuuza au kukutwa na gongo bila leseni. Uganda walitangulia 1965 na sheria yao ya enguli: mpishi apate leseni na auze kwa kiwanda, na ndipo ikazaliwa Uganda Waragi ya chupa. Kenya waliipiga marufuku chang'aa, kisha mwaka 2010 wakaihalalisha kwa masharti ya viwango. Sisi mwaka 2017 tukafuta viroba.

Sisemi gongo ni maziwa. Haina kipimo, na ikichanganywa na spiriti za viwandani inapofusha na kuua. Waliozika ndugu zao hawahitaji somo langu. Lakini tuangalie nani anakamatwa. Sehemu nyingi za nchi hii ni mama mwenye pipa moja nyuma ya nyumba, anayelipa ada ya shule kwa chupa za maji zilizojazwa kitu kingine. Kwenye tamthilia polisi anavunja pipa, muziki unapigwa, tunashangilia. Hakuna anayeonyesha mtoto wa yule mama kesho yake asubuhi.

Na Capone mwenyewe? Mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi, wala siyo kwa pombe. Desemba 1933 Wamarekani wakaifuta marufuku yao. Walijaribu miaka 13, wakaona magenge yananenepa, wakakubali kwamba walikosea njia. Sisi tangu 1966 tumeshavunja mapipa mangapi? Na gongo imepungua? Kama jibu ni hapana, basi tuanze kuuliza namna ya kumlinda mnywaji asife bila kumfanya yule mama kuwa Al Capone.