Kiasi cha Bunduki: Risasi za Kushindiliwa kwa Mkono katika Pwani ya Kilifi

Katika Kiswahili cha karne ya 19, "kiasi cha bunduki" kilikuwa baruti na risasi ya mlio mmoja, vilivyopimwa vikawekwa pamoja. Neno lenyewe limebeba kazi. Mwenye bunduki ya kushindilia alipima baruti, akaimimina mdomoni mwa mtutu, akaifuatishia kitambaa, kisha risasi moja ya mviringo au marisau, na vyote akavishindilia kwa mdeki. Kanga wa porini alitaka marisau. Kiboko alitaka risasi nzima. Baruti ikizidi, mtutu huweza kupasuka mkononi. Ikipungua, mnyama hujeruhiwa akaenda zake. Risasi iliyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu, na ndiyo maana madini na kitu kinachopigwa vina jina moja.

Bunduki ya gumegume iliwashwa kwa cheche za jiwe lililogonga chuma, na unyevu wa masika ulitosha kuinyamazisha. (Jina lake limebaki mitaani kwa mume asiyefaa kitu.) Fataki, kikofia kidogo cha shaba kilichoenea Ulaya tangu miaka ya 1820, ilipunguza taabu ya mvua ikaleta nyingine: haikuwa kitu cha kufuliwa na mhunzi wa kijijini, na ikiisha bunduki ni gongo tu.

Bunduki zenyewe hazikuwa adimu. Majeshi ya Ulaya yalipohamia bunduki za kufunguliwa nyuma, kama Snider ya Waingereza ya 1866, za zamani zilimwagwa sokoni kwa bei ya chini. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuja kuzuia biashara hiyo, lakini uliacha mlango mmoja: gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa. Silaha mpya na risasi za ganda zilibaki mikononi mwa serikali na wachache wenye vibali. Kwa hiyo Mwafrika aliyemiliki bunduki aliendelea kushindilia kwa mkono wakati dunia imekwisha kuacha.

Lakini bara ya Tezo, kijiji cha Kilifi, kuelekea msitu wa Arabuko-Sokoke na nyika iliyo nyuma yake, silaha ya kuwindia ilibaki uta. Haukuhitaji baruti ya dukani wala haukupiga kelele. Waata, wawindaji wa ndovu ambao majirani huwaita Waliangulu, walivuta pinde zenye nguvu ya kilo 45 na zaidi, na mishale yao ilipakwa sumu ya mti wa Acokanthera, ikafungiwa kwa ngozi isikauke. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya kupima na kuandaa kwa mkono. Wagiriama walipopambana na Waingereza mwaka 1914, mishale ndiyo iliyokabili bunduki za askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni.

Kwa walowezi na wageni wa safari, kazi ya mkono ilirudi kwa sura nyingine: kujaza upya ganda lililokwisha kupigwa. Fataki ya aina ya Boxer, ya 1866, ilisaidia sana, kwa kuwa ganda lake lina tundu moja katikati na fataki iliyotumika husukumwa nje kwa sindano. Ganda la fataki ya aina ya Berdan, ya miaka hiyo hiyo, lina matundu mawili madogo na ni gumu kufanyiwa hivyo. Joto lilikuwa tatizo jingine. Baruti isiyo na moshi huongeza shinikizo ikipata jua kali, hata viwanda vya Uingereza vikatengeneza risasi za kipimo cha chini kwa ajili ya nchi za joto.

Kisha uwindaji wenyewe ukabanwa. Kampeni ya 1957 dhidi ya ujangili wa ndovu katika mbuga ya Tsavo, chini ya mhifadhi David Sheldrick, iliwapeleka gerezani Waata wengi. Mei 1977 serikali ya Kenya ikapiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, wa mtalii mwenye kibali na wa mwanakijiji sawia. Tanzania haikudumisha marufuku kama hiyo, na huko gobori, bunduki ya kushindilia, bado inapatikana vijijini.